Kazi Isiyo na Kengele: Ugumu wa Uzamili na Uzamivu Unatoka Wapi?

Tangu darasa la kwanza hadi mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, mwanafunzi huishi kwa kengele. Ipo ya kuingia darasani, ipo ya mapumziko, na ipo ile ya kuweka kalamu chini katika chumba cha mtihani. Akifika chuo kikuu, kengele hugeuka kuwa ratiba ya vipindi, tarehe za majaribio na orodha ya matokeo ubaoni, lakini kazi yake ni ile ile: humwambia pa kuanzia, pa kuishia, na kama alichofanya kimetosha. Kisha anaingia katika masomo ya juu yenye utafiti ndani yake, na Jumatatu moja asubuhi anajikuta mbele ya kompyuta hana kipindi, hana jaribio, hana wa kumwuliza amefika wapi, na tarehe pekee anayoijua kwa hakika ni ile ya kukabidhi tasnifu, ambayo iko mbali kiasi kwamba haimtishi mtu.

Wengi wakieleza ugumu wa uzamili (shahada ya pili) au uzamivu (shahada ya udaktari) huanza na wingi wa vitabu, ugumu wa takwimu au ukali wa wasimamizi. Mambo hayo yapo, na baadhi yake tutayafikia. Hata hivyo, ukiyafuatilia moja moja hadi kwenye shina, mengi hukutana mahali pamoja: kengele imeondolewa, na mwanafunzi hakuambiwa kwamba sasa ni juu yake kujitengenezea nyingine. Mtu aliyefaulu kwa miaka 16 au 17 kwa kujibu maswali ya wengine anatakiwa atunge swali lake mwenyewe, achague njia ya kulijibu na, gumu kuliko yote, aamue ni lini jibu limetosha.

Swali lililokwisha kupimwa na swali bichi

Shahada ya uzamivu kama inavyojulikana leo ilikulia katika vyuo vikuu vya Ujerumani vya karne ya 19. Chuo Kikuu cha Berlin, kilichofunguliwa mwaka 1810 kwa kufuata mawazo ya mwanafikra Wilhelm von Humboldt, kilisimama juu ya imani kwamba mwalimu na mwanafunzi wote wapo chuoni kwa ajili ya kutafuta maarifa, wala si mmoja kumimina na mwingine kukinga. Marekani iliupokea mtindo huo, na Chuo Kikuu cha Yale kikatunuku shahada zake za kwanza za uzamivu mwaka 1861. Oxford ya Uingereza ilisita hadi 1917. Sharti lililosafiri na shahada hiyo kila ilikokwenda ni moja, nalo ni kwamba mtahiniwa alete jambo ambalo halikuwa likijulikana kabla yake. Uzamili kwa kawaida hauko mkali hivyo, kwa kuwa humtaka mwanafunzi aonyeshe kwamba anaimudu fani na mbinu zake, lakini pale unapokuwa na tasnifu, ladha ya kazi huwa ni ile ile kwa kipimo kidogo.

Kuna kisa kimoja ambacho hupendwa sana kusimuliwa kwa wanafunzi ili kuwatia moyo. Mwaka 1939 George Dantzig, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, alichelewa kufika katika kipindi cha mwanatakwimu Jerzy Neyman. Alikuta maswali mawili yameandikwa ubaoni, akayanakili akidhani ni kazi ya nyumbani. Siku chache baadaye aliyakabidhi, akaomba radhi kwa kuchelewa, maana yalionekana magumu zaidi kidogo kuliko maswali ya kawaida. Kumbe yalikuwa matatizo maarufu ya takwimu ambayo bado hayakuwa na ufumbuzi. Mwaka uliofuata, Dantzig alipoanza kuhangaikia mada ya tasnifu, Neyman alimwambia ayafunge yale mawili ndani ya jalada, naye angeyapokea kama tasnifu.

Kwa kawaida kisa hiki huelezwa kama ushahidi kwamba asiyejua kuwa jambo haliwezekani huliweza. Mimi hukisoma kwa namna nyingine. Dantzig alifanya kazi ya kitafiti akiwa katika mazingira ya mwanafunzi wa darasani: swali lilikuwa limekwisha kukatwa na mtu mwingine, ukubwa wake ulijulikana, na aliamini kwamba jibu lipo. Nusu ya kazi ilikuwa imefanywa na Neyman kabla ya chaki kugusa ubao. Mwanafunzi wa kawaida wa masomo ya juu hana bahati hiyo. Yeye huanza kwa kuifanya ile nusu ya Neyman, na mara nyingi huifanya bila kujua kwamba hiyo nayo ni kazi, hivyo kila mwezi unaopita bila ukurasa wa tasnifu humfanya ajione mvivu.

Tuitazame hiyo nusu kwa karibu. Mwanafunzi anakuja na mada, tuseme, "Athari za simu katika usomaji wa vijana." Inapendeza masikioni, lakini haitafitiki, kwa sababu haisemi vijana gani, usomaji wa nini, athari ipimwe kwa kitu gani, na ikilinganishwa na nini. Akibanwa kidogo anasema ni wanafunzi wa chuo. Akibanwa tena anasema ni usomaji wa makala za kitaaluma. Baada ya wiki kadhaa za kubanwa na kujibana mwenyewe anafika hapa: "Je, wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliosoma makala kwenye kioo cha simu hukumbuka hoja zake kuu, baada ya wiki moja, kwa kiwango sawa na waliosoma makala hiyo hiyo kwenye karatasi?" Swali hili lina watu, lina kitendo, lina kipimo na lina muda. Zaidi ya hayo, mtu anaweza kuliona jibu lake kwa mawazo kabla hajaanza: jedwali moja, makundi mawili, tofauti kati yao. Ukiweza kulichora jedwali tupu la matokeo yako kabla ya kukusanya data, swali limeiva. Usipoweza, kuongeza vitabu hakutakuokoa.

Nasema hivyo kwa sababu kusoma ndiko maficho mazuri kuliko yote katika masomo ya juu. Anayejificha kwenye soka hujijua kwamba anatega kazi, ilhali anayejificha kwenye makala za wenzake huonekana, hata machoni pake mwenyewe, kuwa yuko kazini. Mapitio ya maandiko hayana mwisho wa asili, kwani kila makala huzaa nyingine 30 katika orodha ya marejeo. Alama inayosaidia ni kurudiarudia: makala mpya unazozifungua zikianza kuwanukuu watu wale wale uliokwisha kuwasoma, na ukawa unaweza kubashiri hoja ya mwandishi kwa kutazama ikisiri tu (ule muhtasari wa mwanzo wa makala), sehemu hiyo imetosha kwa sasa. Utarudi kuisoma tena utakapokuwa ukiandika, na safari hiyo utajua unatafuta nini.

Msimamizi ni watu watatu katika kiti kimoja

Malalamiko mengi kuhusu wasimamizi yana ukweli ndani yake, ila mengi pia hutokana na kutojua kwamba cheo hicho kimebeba kazi zinazovutana. Msimamizi ni mwalimu, anayetakiwa kuvumilia makosa yako. Vilevile ni mlinzi wa lango, anayeamua kama sura ipite au irudi. Tena ni mtafiti mwenye tarehe zake, miradi yake na makala zake zilizorudishwa na wahariri. Siku ukimkuta mwalimu, mazungumzo huwa ya kujenga, na siku ukimkuta mlinzi wa lango huku wewe ulikwenda kumtafuta mwalimu, unatoka ofisini umevunjika moyo kwa maneno ambayo yeye aliyaona ya kawaida kabisa.

Juu ya hayo kuna ukimya. Unatuma sura, wiki tatu zinapita bila neno. Mwanafunzi huujaza ukimya huo kwa hukumu: sura ni mbovu, amenichoka, ananichukulia mjinga. Maelezo yanayoelekea kuwa kweli zaidi ni kwamba faili lenye kurasa 40, lililotumwa kwa ujumbe wa "Naomba maoni yako," linahitaji nusu siku iliyotulia, na nusu siku kama hiyo haipatikani. Tatizo la ujumbe huo ni kwamba haukumwambia msomaji aanzie wapi wala lini aishie; yaani mwanafunzi aliyenyimwa kengele amemtumia mwenzake kazi isiyo na kengele.

Linganisha na huu:

"Profesa, habari za kazi. Nimeambatisha sura ya 2, kurasa 18. Ninaomba kwanza uangalie ukurasa wa 9 hadi wa 12, ambako nimeeleza kwa nini nimepima kumbukumbu baada ya wiki moja badala ya siku hiyo hiyo. Nilisita kati ya njia mbili, nikachagua hii ya wiki moja kwa sababu mbili nilizozitaja ukurasa wa 11. Nitaendelea na sura ya 3 kwa msingi huo hadi tutakapokutana Alhamisi ya tarehe 14, isipokuwa ukiona vingine."

Kurasa nne husomeka kati ya mkutano mmoja na mwingine. Swali liko wazi, mwanafunzi ameonyesha anakoelekea, na la maana zaidi, kazi haisimami iwapo jibu litachelewa. Baada ya mkutano, siku hiyo hiyo, andika mistari mitano ya mlichokubaliana na umtumie. Hilo halina ubaya wowote wala si dalili ya kutomwamini. Ni kwamba binadamu husahau, na miezi minne baadaye msimamizi anaweza kuuliza kwa dhati kabisa ni nani aliyekushauri ukaifuta sehemu ambayo yeye mwenyewe alikwambia uifute.

Wenye wasimamizi wawili wana mtihani wao wa ziada, kwa kuwa huweza kuwa wajumbe kati ya wazee wawili wasiozungumza. Huyu anasema ongeza nadharia, yule anasema punguza. Usijaribu kuwapatanisha kwa kuandika sura inayomridhisha kila mmoja nusu nusu; itakuwa sura mbovu na lawama itabaki kwako. Yaweke mawazo yao mawili katika ujumbe mmoja unaowafikia wote, kwa heshima na bila kumshitaki yeyote, kisha uliza ni lipi lifuatwe.

Pia kuna suala la jina la nani litangulie kwenye makala, ambalo watu wengi huona aibu kulizungumza hadi likawa ugomvi. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba imeweka masharti manne ambayo mtu anapaswa kuyatimiza yote ili aitwe mwandishi: awe ametoa mchango wa maana katika kuibuni kazi au kuchambua data zake, ameshiriki kuiandika au kuihakiki kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na amekubali kuwajibika kwa usahihi wake. Hata kama fani yako haiko katika tiba, masharti hayo ni mwanzo mzuri wa mazungumzo, na mazungumzo yenyewe yafanyike kabla data hazijakusanywa, wakati hakuna aliyeanza kupiga hesabu ya jasho lake.

Hesabu ya siku, na kwa nini hutudanganya

Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambao kila mwanafunzi wa masomo ya juu angepaswa kuubandika ukutani. Waliwauliza wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wakimalizia tasnifu za shahada ya kwanza wangehitaji siku ngapi. Wastani wa makadirio yao ulikuwa siku 33.9. Walipotakiwa kukadiria tena wakichukulia kwamba kila kitu kitakwenda vibaya kadiri kinavyoweza kwenda vibaya, wastani ulipanda hadi siku 48.6. Kazi yenyewe iliwachukua siku 55.5. Kwa maneno mengine, uhalisia ulikuwa mbaya kuliko hali mbaya kabisa waliyoweza kuiwaza.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wameieleza tabia hii miaka 15 nyuma yake, na chanzo chake hakihusiani na uvivu. Tunapopanga, huwa tunaitazama kazi kutoka ndani: nitaandika utangulizi, nitachambua data, nitahariri, basi. Hatuzihesabu siku za kompyuta kugoma, za kamati ya maadili ya utafiti kurudisha fomu kwa sababu ya saini moja, za watoa habari kuahirisha mahojiano, za homa. Kila tukio kama hilo peke yake linaonekana la nadra, lakini yakiwekwa pamoja ndiyo maisha yenyewe. Njia ya kujinasua ni kuacha kuuliza "nitahitaji siku ngapi?" na kuuliza "mara ya mwisho ilinichukua siku ngapi?"

Hesabu hiyo haichukui dakika tano. Chukua tasnifu yenye sura 5 za kurasa 30 kila moja, yaani kurasa 150. Fungua faili zako za miezi mitatu iliyopita uhesabu kurasa zilizokamilika kweli, zile ambazo ungeweza kumpa mtahini bila kuona haya, si rasimu. Ukikuta wastani wako ni kurasa 3 kwa wiki, unahitaji wiki 50 za kuandika. Ongeza muda wa sura kwenda kwa msimamizi na kurudi. Kama kila sura huenda mara mbili na kila safari ni wiki tatu, hizo ni wiki 30 za kungoja, ambazo sehemu yake utaitumia kuandika sura inayofuata na sehemu yake utaipoteza tu. Mtu aliyekuwa akijiambia kwamba atamaliza baada ya miezi sita sasa anaona mbele yake zaidi ya mwaka. Inauma, ila ni maumivu ya siku moja.

Kuhusu uandishi wenyewe nina jambo moja tu la kusema kwa nguvu: usisubiri uelewe ndipo uandike. Sura ya kwanza niliyowahi kurudishiwa ilikuwa na neno moja la kalamu nyekundu pembeni, likirudiwa ukurasa baada ya ukurasa: "Kwa hiyo?" Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu niligundua kwamba kila aya yangu ilieleza nani alisema nini na mwaka gani, lakini hakuna hata moja iliyosema nilikuwa nikidai nini kutokana na hayo. Sikuwa nimeficha hoja yangu. Sikuwa nayo, na nisingejua kwamba sina kama nisingeandika zile kurasa mbovu. Tangu hapo kila aya nikiimaliza hujiuliza neno lile kabla mtu mwingine hajaniuliza. Ni kengele ndogo, lakini hulia.

Sauti inayosema umeingia kwa makosa

Mahali pasipo na kipimo cha wazi cha kutosha, mtu hujipima kwa wengine, na anachokiona kwa wengine ni kazi zao zilizokwisha kupigwa pasi: makala iliyochapishwa, wasilisho lililosifiwa, ufadhili uliotangazwa. Kazi yake mwenyewe anaiona kutoka ndani, pamoja na makunyanzi yake yote. Mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliieleza hali hii baada ya kufanya kazi na wanawake zaidi ya 150 wenye mafanikio makubwa ya kitaaluma, ambao licha ya shahada na sifa zao waliamini kwamba wamewahadaa watu na siku moja wangeumbuliwa. Tangu hapo imeonekana kwa wanaume na wanawake, na kwa mwanafunzi wa masomo ya juu huenda ni ya kawaida kuliko mafua.

Mwanaastronomia Jocelyn Bell Burnell amewahi kusimulia kwamba alipofika Cambridge kwa uzamivu katika miaka ya 1960 aliamini walimkubali kwa makosa na kwamba wangemfukuza wakishagundua. Aliamua kufanya kazi kwa bidii zote, ili siku ya kufukuzwa itakapofika asiwe na la kujilaumu. Kwa sababu hiyo alizipekua kwa uangalifu karatasi za darubini ya redio, zilizokuwa zikitoka takriban mita 30 kwa siku, na mwaka 1967 akaona alama ndogo ambayo haikufanana na chochote alichokijua. Hakuipuuza. Alama hiyo ilikuwa ya pulsa ya kwanza kugunduliwa, yaani nyota inayozunguka kwa kasi na kutoa mawimbi ya redio kwa mapigo. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1974, iliyotambua pia ugunduzi huo, ilikwenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Mwaka 2018 alipotunukiwa tuzo nyingine ya dola milioni 3, Bell Burnell aliitoa yote isaidie wanafunzi wa uzamivu wa fizikia kutoka makundi ambayo ni nadra kuonekana katika fani hiyo.

Sikileti kisa hicho ili kuisifu hofu. Hofu iliyomfanya mmoja achunguze karatasi kwa makini huwafanya wengine wengi washindwe kuamka kitandani, na hapa takwimu hazina mzaha. Utafiti wa Katia Levecque na wenzake uliochapishwa mwaka 2017, uliowahusu wanafunzi 3,659 wa uzamivu katika jimbo la Flanders nchini Ubelgiji, ulikuta kwamba takriban theluthi moja walikuwa katika hatari ya kupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kiwango hicho kilikuwa juu kuliko cha watu wengine wenye elimu ya juu waliolinganishwa nao. La kuzingatia zaidi ni mambo yaliyohusishwa na hatari hiyo: kazi kugongana na familia, mzigo wa kazi, kutokuwa na usemi juu ya kazi yako, na mtindo wa uongozi wa msimamizi. Hayo ni mambo ya mpangilio wa kazi. Kumwambia mwanafunzi afanye mazoezi na alale mapema ni ushauri mzuri kwa usingizi wake, lakini haugusi hata moja kati ya hayo.

Kwa hiyo mtu akiona usingizi umekatika kwa wiki kadhaa, faili la tasnifu likimtia kichefuchefu, au akianza kuwakwepa watu kwa kuogopa kuulizwa "Utamaliza lini?", mambo mawili yaende pamoja: amwone mshauri nasaha au daktari, na aombe kikao cha kupunguza au kupanga upya kazi yenyewe. Likizo ya kusitisha masomo kwa muda ipo katika kanuni za vyuo vingi na imewekwa itumike. Kuhusu lile swali la ndugu na jamaa, wengi huliuliza kwa upendo, na jibu fupi lenye tarehe ya hatua inayofuata ("Mwezi wa nane nakabidhi sura ya 3") huwaridhisha kuliko maelezo marefu ya kwa nini utafiti hauna haraka.

Kengele ya pesa

Ipo kengele moja ambayo haikuondolewa. Ufadhili mwingi wa uzamivu hutolewa kwa miaka 3 au 4, na mara nyingi huisha kabla ya tasnifu. Mkono mtupu haulambwi, na mwanafunzi ambaye posho imekatika huchukua kazi ya kufundisha au kazi yoyote ile, muda wa kuandika unapungua, tasnifu inarefuka, na kurefuka huko kunaongeza ada. Maswali ya kuuliza yanapaswa kuulizwa kabla ya kusaini, wakati bado una nguvu ya kukataa: ufadhili ukiisha kabla ya kazi, nini hufuata? Gharama za kukusanya data analipa nani? Saa za kufundisha ni ngapi kwa wiki, na zina malipo ya ziada au ziko ndani ya posho? Asiyeuliza kwa kuogopa kuonekana mwenye tamaa atauliza baadaye akiwa mwenye dhiki.

Mahali hapa ndipo pia suala la kuacha linapotajwa kwa kunong'ona, nami naona litajwe kwa sauti. Uchunguzi mkubwa ulioendeshwa na Baraza la Shule za Uzamili la Marekani ulionyesha kwamba miaka 10 baada ya kuanza, asilimia 57 tu ya wanafunzi wa uzamivu ndio waliokuwa wamemaliza. Katika uhandisi ni asilimia 64, na katika fani za sanaa na lugha ni asilimia 49. Si wote wasiomaliza walioshindwa kwa kukosa akili, kwani walichujwa kabla ya kuingia. Baadhi waliondoka kwa sababu kazi waliyoitaka haikuhitaji shahada hiyo, na uamuzi kama huo ukifanywa mwaka wa pili kwa macho makavu ni bora kuliko ukifanywa mwaka wa nane kwa kuchoka. Tofauti kati ya kuacha kwa busara na kukimbia kwa kawaida huonekana kwenye swali moja: kama msimamizi, pesa na afya vingekuwa sawa kesho asubuhi, je, bado ungetaka kulijibu swali lako? Akijibu ndiyo, mtu huyo anahitaji masharti mapya. Akijibu hapana, ameshajijibu.

Wanaobaki hufika kwenye hatua ambayo wengi huiogopa kupita kiasi, yaani utetezi wa tasnifu mbele ya watahini. Watahini hawatafuti tasnifu isiyo na dosari, kwa sababu wao wenyewe hawajawahi kuandika moja. Wanataka kujua kama kazi ni yako, kama unajua mipaka yake, na kama unaweza kueleza kwa nini ulichagua njia hii ukaiacha ile. Tasnifu nyingi hupita zikiwa na orodha ya marekebisho, na mtahiniwa anayesema "Hilo sikulipima, na ningelipima kwa namna hii" huwa amejibu vizuri kuliko anayejitetea kwa kila neno.

Namna ya kuendesha utetezi hutofautiana sana. Uingereza hufanyika faraghani, ndani ya chumba kimoja, mtahiniwa na watahini wake. Uholanzi hufanyika hadharani, familia na marafiki wamekaa, maprofesa wamevaa majoho, na katika vyuo vingi maswali huendelea kwa dakika 45. Dakika hizo zikitimia, mshika itifaki wa chuo huingia ukumbini na fimbo yake, huigonga sakafuni na kutamka kwa Kilatini: "Hora est", saa imewadia. Hapo mtahiniwa ana ruhusa ya kunyamaza, hata kama jibu lake limefika katikati ya sentensi.